Samaki kachelewa, bakshishi nimwachie nani?

Shemeji yangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa, nilimpeleka Ggaba kula samaki. Mtu akija Kampala akaondoka bila kukaa kando ya ziwa na ngege mzima wa kukaanga mbele yake, huko kwao watamuuliza alikwenda kufanya nini. Tuliketi saa saba na nusu mchana. Mpaka saa tisa kasorobo samaki hajaonekana. Dada aliyekuwa akituhudumia tulimwita mara tatu, na mara zote tatu alitujibu "nakuja" huku anakwenda zake. Soda zilikuja za moto. Chipsi zilimtangulia samaki kwa dakika ishirini, zikapoa mpaka zikawa kama mpira.

Bili ilikuwa shilingi 94,000. Nikalipa. Shemeji akatoa sarafu ya 500 mfukoni, akaiweka katikati ya sahani, juu ya mifupa.

"Ili ajue," akasema.

Nikaiondoa, nikaipangusa kwa tishu, nikamrudishia. Alinitazama kana kwamba nimemvunjia heshima mbele za watu.

Mimi nimewahi kuwa upande wa pili wa sahani ile. Mwaka 2015, nilipokuja Uganda mara ya kwanza na kazi niliyoahidiwa ikawa hewa, nilifanya uweita Kabalagala kwa miezi minane. Mshahara ulikuwa 180,000 kwa mwezi, na haukufika wote hata mara moja. Glasi ikivunjika, unakatwa. Mteja akitoroka bila kulipa, meza ilikuwa yako, kwa hiyo na bili ni yako. Usiku mmoja walikuja watu tisa, wakaagiza nyama choma ya mbuzi. Mchomaji akaiunguza, akachoma nyingine, saa zikapita. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda na kurudi na maneno ya kuomba radhi. Walipoondoka nilikuta wameniachia sarafu ya 200 ndani ya bilauri ya bia iliyobaki. Ilinibidi nitie vidole kwenye bia ya mtu niitoe. Kama walitaka nijifunze kitu, nilichojifunza ni kuwachukia. Makaa sikuyawasha mimi.

Ndiyo maana siku hizi huduma ikiwa mbovu najiuliza jambo moja kabla ya kugusa pochi: katika haya yote, lipi lilikuwa mikononi mwake? Pale Ggaba nilihesabu meza kumi na moja, wahudumu wawili. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ndiyo sababu ya soda za moto. Samaki mkubwa hukaangwa ukishaagiza, kwa hiyo hata siku njema utasubiri dakika arobaini. Hayo yote hayamhusu yule dada. Kilichomhusu ni kimoja: hakutuambia. Angekuja mapema akasema jiko limezidiwa, tungeagiza kitu chepesi, au tungekwenda kupunga upepo majini tukarudi. Ile "nakuja" ya uongo ndiyo iliyotuudhi kuliko njaa yenyewe.

Siku ya kawaida, kwa bili kama ile ningemwachia 7,000 au 8,000. Hapa hakuna sheria ya bakshishi, na Waganda wengi huacha chenji tu, au wasiache kitu na mtu asiwaulize. Siku ile nilimpa 3,000. Nikamtia mkononi, nikamwambia, "Gyebale ko, dada, pole na kazi. Samaki alikuwa mtamu. Lakini siku nyingine jiko likichelewa, tuambie mapema."

Akainamisha kichwa. "Mutusamehe, ssebo. Leo jikoni yuko mtu mmoja."

Shemeji akangoja amekwenda. "Kwa hiyo umemlipa kwa kutukalisha njaa?"

"Nimemlipia nusu ya boda," nikamwambia.

Na hicho ndicho kipimo changu, wala si asilimia. Wahudumu wa Kampala wengi hutoka kazini usiku, taksi, yaani matatu za huku, zimekwisha barabarani, wanarudi nyumbani kwa boda. Huduma nzuri nalipia boda na cha kununulia mkate wa asubuhi. Huduma ya kawaida, boda. Huduma mbovu isiyo kosa lake, boda vilevile, labda nusu ya safari kama na yeye alichangia. Kosa likiwa lake mtupu, atembee.

Asilimia nawaachia Wamarekani. Binamu yangu yuko Houston, na kila tukizungumza hunicheka kwa hizi 3,000 zangu; yeye huacha asilimia 15 hata akihudumiwa na mtu aliyenuna, mara nyingi 20. Lakini kule mambo yamejengwa hivyo. Sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, kwa hesabu kwamba bakshishi itamfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25. Bakshishi ni mshahara wenyewe. Huku kwetu kima cha chini kilichoko kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984. Kwa mwezi, jamani. Leo ni rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, na usidai mayai mengi. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, Rais akakataa kuutia saini. Basi ninapomwachia mtu boda najua kwamba nambebea tajiri wake mzigo, na jambo hilo linanikera. Ila kumnyima mhudumu hakujawahi kumfanya tajiri aongeze mshahara.

Kabla ya hesabu yoyote, soma risiti. Hoteli nyingine na mikahawa ya wageni huweka ada ya huduma, asilimia 5 au 10, chini kabisa kwa maandishi madogo. Ikiwa ipo, umeshatoa. Mimi huuliza kwa upole kama inawafikia wahudumu, na jibu hulisoma usoni kuliko mdomoni. Kama huduma ilikuwa mbovu kweli, iombe iondolewe. Niliwahi kufanya hivyo mara moja, meneja akaiondoa bila ubishi. VAT ya asilimia 18 ni jambo jingine, hiyo ni ya serikali. Nina rafiki alikuwa akiona 18 pale anajipongeza kwamba ametoa bakshishi nono.

Nani basi simpi kabisa? Kuna mkahawa mmoja mjini, bili ilikuwa 42,000, nikampa kijana noti ya 50,000. Hakurudi. Nikamwona kaegemea kaunta anacheka na simu yake. Huyo ndiye aliyekuwa ameleta chai badala ya kahawa, na nilipomwambia akanijibu, "Si zote ni moto?" Nikamwendea palepale, nikamwomba chenji. Akashtuka: "Nilifikiri umeniachia." Nilidai 8,000 zangu zote, nikahesabu mbele yake, nikazitia mfukoni. Hata mia sikumwachia. Bakshishi naitoa mimi, haichukuliwi. Na mtu wa namna hiyo usimwachie sarafu ya dharau. Acha meza tupu, au mwambie ana kwa ana. Sarafu juu ya mifupa inamwambia kwamba wewe mteja ndiye mshenzi, na hapo atakuwa amesahau alichokosa yeye.

Kwa meneja nilimpeleka huyo kwa sababu ya chenji. Kwa kuchelewa sipeleki mtu. Nimeona mwenzangu akifukuzwa saa ileile, aproni ikivuliwa mbele ya wateja, kwa sababu mama mmoja alilalamika kwamba supu imepoa.

Wageni kutoka pwani nawaonya jambo moja zaidi. Mhudumu wa Kiganda anaweza kukupigia magoti akikunawisha mikono, birika mkono mmoja, beseni mkono mwingine, na ukayeyuka pale pale. Yale ni malezi ya nyumbani kwao, humpigia magoti hata mjomba asiyempenda. Usimpe 10,000 kwa magoti halafu umnyime asiyepiga aliyekuletea chakula moto kwa wakati. Na ukiongea Kiswahili sanifu kama shemeji, wengine watajua umetoka Kenya na kudhani mfuko wako umejaa; wazee wachache watakumbuka askari wa zamani waliowatisha kwa Kiswahili na kukuogopa kidogo. Vyote viwili havipaswi kubadilisha unachotoa.

Toa taslimu. Ukilipa bili kwa MoMo, yaani pesa za simu, ukaongeza bakshishi humo, imekwenda kwa mwenye mkahawa. Na ukimtumia mhudumu 2,000 kwenye namba yake, ada na kodi ya kutoa zitaimega. Mimi hutembea na noti za 1,000 na 2,000 kwenye mfuko wa shati, mbali na pochi, kwa sababu mwenye noti ya 20,000 peke yake huishia kutoa zote au kutotoa kitu.

Shemeji alisafiri Jumapili. Tukiwa njiani kwenda kituo cha basi alitaka rolex, tukasimama. Kijana akakanda, akavunja mayai mawili, akasahau nyanya. Shemeji akanigeukia: "Huyu naye ana boda yake?"

Nikamwambia huyu hana bakshishi, huyu mwambie tu arudishe chapati kwenye chuma atie nyanya.