Kwa mwanangu uliye Kikuubo, Kampala: hilo tumbo si la ukoo

Mwanangu Rajabu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya mwisho nilijifungia jikoni kwa sababu shangazi yako alikuwa ametega sikio. Unauliza: "Mama, hii alsa, vidonda vya tumbo, ni ya ukoo? Wewe unayo, marehemu baba alikuwa na presha, na mimi, mwenye miaka 31, kifua kinawaka kila usiku, halafu chooni nakaa nusu saa naambulia patupu." Unasema kumwambia daktari unaona haya. Mimi usinionee haya, nepi zako nilifua mwenyewe.

Presha, ndiyo, hutembea katika damu. Baba yako alikuwa nayo, na mama yake kabla yake. Kwa hiyo upimwe, hata kama hujisikii vibaya, maana presha haibishi hodi. Na chumvi punguza: kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima kinatosha, ukihesabu na ile iliyomo kwenye chipsi. Hilo limekwisha.

Alsa yangu sikuirithi, niliinunua. Unakumbuka magoti yangu yalivyonitesa? Nilikuwa napita duka la dawa nachukua diklofenaki, dawa ya maumivu, kama mtu anunuaye njugu, na asubuhi nameza kabla hata ya chai. Sikumwuliza mtu. Baada ya miezi mitatu choo kikawa cheusi kama lami, nami nikajidanganya kuwa ni mboga nilizokula. Mpaka nilipoanguka uani ndipo nikapelekwa hospitali, nikaongezwa damu chupa mbili. Wewe ulikuwa shuleni, tukakuambia ni malaria.

Hapa mjini Bombo, na huko Kampala vilevile, kila mwenye kiungulia anasema ana alsa. Vidonda vya tumbo hasa vina wezi wawili wakubwa: dawa za maumivu kama zangu, na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Huyo waligundua Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Marshall alipoona hawamwamini, alikunywa hao bakteria mwenyewe, na tumbo lake likavimba kwa ndani. Pilipili inaweza kukuwasha, lakini kidonda haichimbi.

Wewe lakini umenieleza siku yako, nami nimeifuata saa kwa saa. Unafunga duka saa mbili, foleni, unafika saa tatu na nusu. Saa nne unakula roleksi ya chapati mbili na mayai matatu, soda juu yake, kisha unajitupa kitandani na simu. Juu ya tumbo pana kama mlango unaozuia asidi isipande. Mafuta huulegeza, shibe huusukuma, na ukilala chali asidi inapanda yenyewe kwenye koo. Hapo mtu ataacha kuwaka kifua? Kula kabla hujafunga duka, saa moja hivi, ili upate muda wa saa tatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekee matofali. Usirundike mito, maana mito hukunja tumbo tu. Na ulalie ubavu wa kushoto.

Sasa choo. Hapa nina hadithi ya babu yako, mzaa mimi, aliyekuwa mhudumu wa wadi katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ile ya uhuru. Alisimulia sana habari za daktari mpasuaji kutoka Ireland mwenye jicho moja, la pili lilikuwa la kioo. Ni Denis Burkitt, ambaye kwanza alifanya kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha Mulago, na ile saratani ya taya za watoto ina jina lake. Babu alidhani sifa yake ni hiyo tu. Kumbe daktari yule, hata baada ya kurudi kwao, aliendelea kuwaza jambo moja: mbona magonjwa ya utumbo yaliyojaa wadi za Uingereza huku kijijini hakuyaona? Yeye na wenzake wakaenda kupima choo, mwanangu, kwa mizani na kwa saa! Matokeo wakayatoa mwaka 1972. Chakula cha mwanakijiji wa Uganda kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi, cha Mwingereza siku tatu na zaidi, na choo cha mwanakijiji kilikuwa kizito zaidi ya mara nne. Burkitt akasema tofauti ni nyuzinyuzi za chakula, zile wazungu walizokuwa wakizitupa pamoja na pumba. Dunia nzima ikajifunza kutoka kwenye sahani ya bibi zako, na wewe mjukuu wao unasukumana na choo Kampala kwa sababu ya unga mweupe.

Sikukatazi roleksi. Ila kikomando unachokidharau, chapati na maharage, ni bora kuliko hiyo, kwa sababu ya hayo maharage. Ongeza mboga za majani kama dodo na nakati, mihogo, viazi vitamu, papai asubuhi, pasheni na mbegu zake. Ongeza polepole na maji mengi, la sivyo gesi itakuaibisha mbele ya wateja. Na nikuulize: ile haja ikija saa nne asubuhi duka limejaa, si unaibana kwa sababu choo ni cha kulipia na muuzaji wa jirani atakunyang'anya mteja? Najua unaibana. Haja ikibanwa inarudi nyuma na kukauka. Baada ya chai ya asubuhi utumbo huamka wenyewe, basi amka mapema uupe nafasi, na miguu iweke juu ya kigoda, magoti yapande kama kwenye choo cha shimo.

Halafu boda. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya nchi 168, na Uganda ilikuwa ya mwisho kwa uvivu: asilimia 5.5 tu ndio hawakuushughulisha mwili vya kutosha. Nilicheka nikakukumbuka wewe unayepanda boda kutoka Kikuubo hadi paki ya taksi. Tembea hapo, kwenda na kurudi. Utumbo nao hutembea mwenye tumbo akitembea.

Zile omeprazoli, dawa za kupunguza asidi, ulizonunua bila kupimwa, usizichanganye na nilichokisema. Nenda kliniki waambie unataka kipimo cha huyo bakteria, cha choo au cha pumzi, na uwaulize kuhusu kuziacha wiki mbili kabla, maana zinaweza kumficha. Ukiona choo cheusi, damu, chakula kinakwama kooni, au suruali zinalegea bila sababu, usinitumie ujumbe wa sauti. Nenda siku hiyohiyo.

Kesho asubuhi nampa dereva wa taksi mfuko: dodo, boga moja, na karanga nilizozichambua mwenyewe, zenye ukungu nimetupa. Nauli ya mfuko nitailipa hapa, asije akakudai tena.

Mama yako