"Huo" (moto) si Mirihi kila mahali: kwa mnaoanza kutafsiri nyota za Kichina

Wadogo zangu, nimesahihisha kazi zenu na makosa ni yale yale ya waliowatangulia. Nawapenda, kwa hiyo nitasema wazi.

1. Karirini asili tano za Kichina na sayari zake (xing ni nyota): Shuixing, maji, ni Utaridi, Jinxing, metali, ni Zuhura, Huoxing, moto, ni Mirihi, Muxing, mti, ni Mshtarii, Tuxing, udongo, ni Zohali. Vitabu vya shule huiita Utaridi "Zebaki", basi mnaipa metali. Msifanye hivyo. Metali ni ya Zuhura, pamoja na rangi nyeupe, magharibi na majira ya vuli.

2. Majina ya kale yalifuata mwenendo wa sayari. Mshtarii iliitwa Suixing, nyota ya mwaka, kwa kuwa huzunguka anga kwa miaka karibu 12 na kila mwaka huhamia kituo kimoja. Mirihi ni Yinghuo, ile inayometameta na kutatanisha. Mkiitazama inavyorudi kinyumenyume angani mtaelewa. Lakini asili tano zilikwisha kuambatanishwa nazo mapema: maandishi ya hariri yaliyopatikana Mawangdui, China, mwaka 1973, katika kaburi la mwaka 168 KK, yanaipa Suixing mti na mashariki.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Katika Shijing, mkusanyo wa mashairi ya kale, kuna shairi la wakulima linaloanza kwa kusema mwezi wa saba Huo inateremka, mwezi wa tisa watu wanapewa nguo. Kila mwaka naletewa "Mirihi inateremka". Sarufi safi kabisa, na anga imepinduliwa! Jamani, mkulima anataka alama inayorudi majira yale yale kila mwaka. Mirihi hukaa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati, kila baada ya siku 780 hivi, yaani miaka 2 na siku 50. Mwaka huu ingewaka usiku kucha, mwaka ujao ingefichwa na mwanga wa Jua; nani angeshona nguo za baridi kwa kuifuata? Huo ya shairi ni Dahuo, Moto Mkubwa: Antares, nyota nyekundu ya kundi la Nge, ambayo Wachina waliiweka kwenye moyo wa Joka la mashariki. Jioni za kiangazi husimama kusini. Ikianza kuinamia magharibi, joto linavunjika. Mwezi wa nane wanawake wanasokota nyuzi, mwezi wa tisa nguo ziko tayari. Shairi zima limejengwa juu ya nyota hiyo kushuka kwa wakati wake. Ukiweka Mirihi, umewanyima wale watu kalenda yao.

Kwa hiyo mkikuta Huo peke yake kwenye maandishi ya kale namna hiyo, anzeni na Antares. Mirihi itafuteni kwa jina la Yinghuo.

4. Moto, udongo, upepo na maji za vitabu vyetu vya falaki zilitoka kwa Wagiriki kupitia Waarabu. Wachina hawana upepo humo, msichanganye.

5. Tianwangxing na Haiwangxing, mfalme wa mbingu na mfalme wa bahari, ni majina yaliyotafsiriwa kutoka Ulaya baada ya darubini. Msizitafutie asili ya sita. Andikeni Uranus na Neptuni, mwendelee na sentensi inayofuata.