Msipige nyeupe juu ya picha mnazozipenda
Wadogo zangu wa brashi, jana nimepita kwenye banda moja hapa Moshi nikamkuta kijana anapiga nyeupe ya msingi juu ya picha ya bibi yake. Kanvasi zimemwishia, oda ya Kilimanjaro imeingia, na bibi, anasema, "hauziki". Nilimshika mkono bibi akiwa amebakiwa na nusu ya uso. Ndiyo maana naandika, kwa sababu haya mnayarudia kila msimu.

1. Mlima. Ukiwa Moshi, kilele cha Mawenzi kiko kulia kwa kilele kikuu, Kibo. Ukikiweka kushoto umenakili picha iliyopigwa Amboseli, upande wa Kenya, na mteja aliyeshuka mlimani juzi ataligundua hilo kabla hujamtajia bei. Amkeni saa 12 asubuhi mkautazame, kabla mawingu hayajafunika.

2. Akriliki juu ya rangi ya mafuta hubanduka. Mafuta juu ya akriliki, sawa.

3. Vifaa si kisingizio. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa michoro ya Tingatinga, alianza mwaka 1968, Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi.

4. Hapa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa na mbwa, Kahawa. Mbwa wa kienyeji tu, alinifuata kutoka Kiboriloni akiwa mdogo, akalala chini ya stendi yangu ya kuchorea miaka sita. Mkia ulikuwa hauishi kuingia kwenye rangi. Kuna pundamilia wamesafiri Ulaya na manyoya yake.

Masika moja, wageni hakuna, mvua inapiga bati, nikamchora. Hakuna aliyeniagiza. Nilianza asubuhi, nikaja kushtuka giza limeingia na chai imeganda utando. Rangi ya manyoya yake niliitafuta kwa nyekundu ya udongo, njano na bluu kidogo sana. Pale shingoni, mwanga wa mlangoni ulipomgusa, nikaweka rangi ya chungwa ambayo sijawahi kuipata tena. Nilikuwa naimba. Yeye ananitazama kwa jicho moja, la pili limelala.

Juni msimu ukafunguka. Mteja akataka Kibo wakati wa machweo, kesho asubuhi, na kanvasi ya ukubwa ule nilikuwa nayo moja tu. Nikajiambia, mbwa si huyu hapa? Nitamchora tena. Nikapiga nyeupe. Mkono wa kwanza ulipokauka, lile jicho lilikuwa bado linaonekana. Nikapiga mkono wa pili.

Mwezi haukuisha, Kahawa akatoka usiku mmoja na hakurudi. Nilizunguka Majengo, Pasua, Njoro, hadi Rau, napiga mluzi. Kila niliyemuuliza aliniuliza, yukoje? Mama mmoja muuza ndizi akanipa kipande cha karatasi nimchoree. Nikashika penseli, na sikujua sikio lililokunjika lilikuwa la kulia au la kushoto. Miaka sita analala miguuni pangu, na mimi ni mchoraji. Nilimrudishia yule mama karatasi yake ikiwa nyeupe.

Tangu hapo nimejaribu mara kumi na moja. Wote ni mbwa, hakuna aliye Kahawa. Yeye yuko ukutani kwa mtu, nchi ambayo hata sikuuliza, chini ya theluji ya Kibo.

5. Masika, kazi ikiwa chache, nunueni kitambaa cha marekani, wambeni fremu za akiba.

Yule kijana nimempa kanvasi yangu ya oda. Nyeupe ilikuwa bado mbichi, tukaipangusa taratibu kwa kitambaa cha maji. Kilemba kimerudi, na jicho la kushoto. Bibi mwenyewe yuko Marangu. Jumamosi kijana anapanda Hiace kwenda kumkalisha tena mlangoni.