Fundi Anajibu: Sili mpya, oili bado inavuja

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaendesha boda hapa Busia, upande wa Uganda. Piki yangu ya cc 100 inavuja oili kwenye sproketi ya mbele. Nimebadilisha sili mara 2 ndani ya miezi 3, na kila asubuhi nakuta doa chini. Fundi wa stendi anasema tupasue injini. Nikubali?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikubali kwanza. Huko Katwe, Kampala, nilikojifunzia kazi, mzee wangu hakuruhusu mtu aguse sili kabla ya kuosha. Toa kifuniko, sugua kwa brashi na mafuta ya taa, kausha, kisha nyunyiza poda ya mtoto. Weka piki kwenye stendi kubwa, tia gia ya kwanza, tairi lizunguke dakika 5, mikono mbali na cheni. Zima, umulike kwa tochi. Poda itakuonyesha oili ilikopita. Huenda inatoka kwenye shafti ya kanyagio la gia, ambayo ina sili yake, na cheni inairusha kote.

Ikiwa kweli ni sili ya sproketi, basi kuna kitu kinachoiua. Toa sproketi, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, hata sili 10 hazitasaidia; badilisha bushi, kile kibomba kinachovaa shafti ya sproketi, na oringi yake (pete ya mpira) ikiwa ipo. Kuvisha sili mpya, funga meno ya shafti hiyo kwa kavera (mfuko wa plastiki) lililopakwa oili yasiikate, na upande wenye springi uangalie ndani.

Halafu cheni. Hapo ndipo nina wasiwasi nawe. Wengi mnaikaza piki ikiwa tupu, kisha mnapakia abiria wawili na mkungu wa matooke. Mzigo ukikaa, cheni inakazika zaidi na kuvuta shafti siku nzima. Acha icheze sentimita 2 hadi 3. Tazama pia mpira wa kupumulia wa injini. Ukiziba kwa tope, presha inasukuma oili nje.

Mwisho, shika shafti ya sproketi uitikise juu na chini. Ikicheza waziwazi, beringi imekufa, na hapo fundi wako ana haki: pasueni.