Maswali yenu: bismillahi ya Freddie Mercury

Tangu nilipougusia hapa wimbo Bohemian Rhapsody wa bendi ya Queen ya Uingereza, uliotungwa na mwimbaji wake Freddie Mercury, maswali hayajakatika. Leo nayajibu manne.

Nimesikia "Bismillah" katikati ya wimbo. Freddie Mercury alikuwa Mwislamu?

La. Alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi wa dini ya Zoroasta. Lakini Unguja bismillahi haingoji kufundishwa: unaisikia chakula kikitengwa, mlango ukifunguliwa, mashua ikisukumwa majini. Ndani ya wimbo inatokea kwenye mabishano, kundi moja likitaka kijana aachiwe, jingine likikataa katakata. Kila nikifika hapo moyo hunipiga. Ni neno la nyumbani, limeimbwa kwa nguvu zote.

Huyo kijana aliua nani?

Hatajwi. Anakiri kwa mama yake kwamba amempiga mtu risasi, naye maisha ndiyo kwanza alikuwa anayaanza. Wapo wanaodai Freddie alikuwa akifumba siri zake. Mwenyewe alikataa kufafanua mpaka alipofariki mwaka 1991, nami siwafuati wanaopekua. Mtoto anamlilia mama yake. Hapo mimi nimeshaelewa.

Kiitikio kiko wapi?

Hakuna. Zinaanza sauti tupu bila ala, linafuata simulizi la taratibu kwa piano, gitaa la Brian May, opera (uimbaji wa maigizo ya jukwaani), roki nzito, kisha wimbo unatulia hadi upatu unapogongwa. Dakika 5 na sekunde 55! Mwaka 1975 hilo lilikuwa jambo zito kwa redio, lakini ulikaa namba moja Uingereza wiki 9.

Ile kwaya ya opera ni ya watu wangapi?

Watatu tu: Freddie, May, na mpiga ngoma Roger Taylor, mwenye zile sauti nyembamba za juu kabisa. Mpiga besi John Deacon hakuimba. Kanda ilikuwa na njia 24 za kurekodia sauti, hazikutosha. Wakawa wanaimba, wanazikusanya sauti pamoja, wanaimba tena juu yake, karibu mara 180. Kanda ikapita kwenye mashine hadi ule unga wa kahawia unaoshika sauti ukakwanguka. Ukiinyanyua kwenye mwanga, unaona upande wa pili. Vaeni hedifoni msikilize mwanzoni kabisa, kabla hata ya opera: sauti inaingia sikio la kushoto, mara iko la kulia.