Noti ya Forodha ya China ya Mwaka 1947: Isome Kwanza, Bei Utauliza Baadaye

Noti ya kwanza ya China niliyoinunua ilikuwa imechapwa wima, si kulala kama noti zetu, na upande wake wa nyuma ulikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba ni vizio 2,000 vya dhahabu vya forodha. Nilikuwa mwanafunzi Beijing, na siku za Jumamosi nilizoea kutembelea soko la Panjiayuan, ambako vitu vya kale na vya kuigiza hutandazwa pamoja juu ya vitambaa, na kazi ya kuvitenganisha huachiwa mnunuzi. Nilipoona neno dhahabu sikuuliza jambo jingine. Nilirudi bwenini nikiamini kwamba nimeokota mali, na ilinichukua miezi kadhaa kuelewa nilichokuwa nimekishika. Nimeandika makala haya ili anayeanza kukusanya noti za China za miaka ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia afike mahali hapo mapema kuliko mimi.

Anza na hicho kizio chenyewe. Kilianzishwa Februari 1930, wakati China ilipotumia madini ya fedha kama msingi wa sarafu yake na bei ya madini hayo ilipokuwa ikiporomoka duniani, ilhali madeni ya nje ya serikali yalilipwa kwa dhahabu. Ili mapato yasipungue, serikali iliyokuwa Nanjing iliamua kwamba ushuru wa bidhaa kutoka nje ukadiriwe kwa kizio chenye thamani ya senti 40 za dola ya Marekani. Kwa hiyo neno dhahabu lilikuwa na maana ya kweli mwanzoni, na noti hizi zina sura ya Sun Yat-sen, mwasisi wa Jamhuri ya China, mbele na picha ya jengo la forodha la Shanghai nyuma. Mwaka 1942, vita dhidi ya Japani vikiwa vimeikausha hazina, noti hizi ziliingizwa katika matumizi ya kila siku kwa kiwango cha kizio kimoja kwa yuan 20 za fabi, yaani sarafu halali iliyotumika tangu mwaka 1935. Kuanzia hapo dhahabu ilibaki katika jina tu. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, amani haikupatikana, kwa kuwa Kuomintang, chama kilichoongoza serikali, na Wakomunisti walirudi katika vita vyao, na serikali ikaendelea kuziba pengo la matumizi yake kwa kuchapa noti.

Sasa chukua kalamu na karatasi, kwa maana hesabu hii ndiyo iliyonifungua macho kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa. Kwa kiwango cha mwaka 1930, vizio 2,000 vilikuwa sawa na dola 800 za Marekani. Tarehe 19 Agosti 1948 serikali ilitangaza sarafu mpya, yuan ya dhahabu, na kuamuru kwamba fabi milioni 3 zibadilishwe kwa yuan moja mpya, na yuan mpya nne ziwe dola moja. Noti yangu ya vizio 2,000 ilikuwa sawa na fabi 40,000, hivyo zilihitajika noti 75 za aina hiyo kupata yuan moja ya dhahabu, na noti 300 kupata dola moja. Kizio ni kilekile, jina ni lilelile, na sura iliyo juu yake ni ya mtu yuleyule. Nilipoimaliza hesabu hiyo nilikaa kimya kwa muda mrefu, nikimfikiria mwalimu au mshona nguo wa Shanghai aliyelipwa mshahara wake kwa karatasi hizo na kulazimika kukimbilia duka la mchele kabla bei haijabadilika.

Yuan ya dhahabu nayo haikudumu. Wananchi waliamriwa kusalimisha dhahabu, madini ya fedha na fedha za kigeni walizokuwa nazo, na Rais Chiang Kai-shek alimtuma mwanawe, Chiang Ching-kuo, kusimamia amri ya kuzuia bei zisipande huko Shanghai. Ahadi ya kutochapa zaidi ya yuan bilioni 2 iliachwa mnamo Novemba mwaka huohuo, na mwezi uliofuata mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga picha ya umati uliobanana nje ya benki mjini Shanghai ukitafuta dhahabu, picha ambayo ningemshauri kila mkusanyaji aitazame kabla ya kununua noti yoyote ya kipindi hicho. Mwaka 1949 zilitoka noti za yuan 5,000,000, na huko Xinjiang benki ya jimbo ilitoa noti ya yuan bilioni 6. Baada ya Wakomunisti kuiteka Shanghai mwishoni mwa Mei, yuan 100,000 za dhahabu zilibadilishwa kwa yuan moja ya renminbi, sarafu ya Wakomunisti ambayo China inaitumia hadi leo.

Jifunze pia kuusoma mwaka kwa macho yako mwenyewe. Maandishi ya mlalo ya noti hizi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mwaka huhesabiwa tangu kuanzishwa kwa Jamhuri, kwa hiyo unaongeza 1911 juu ya tarakimu unayoiona: mwaka wa 36 ni 1947. Alama ya namba tatu ni mistari mitatu iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na ya namba kumi ni kama msalaba, hivyo huhitaji kujua Kichina ili kuitambua tarehe. Kiasi cha fedha, kwa upande mwingine, huandikwa kwa alama nzito za kibenki zenye mistari mingi, zilizowekwa makusudi ili mtu asiweze kugeuza moja kuwa tatu kwa kuongeza mistari miwili. Uwe mwangalifu na noti zenye mwaka wa 19, yaani 1930, kwa sababu nyingi zilitumika sokoni miaka kumi na miwili baadaye, na muuzaji anayekuambia kwamba umri huo unaongeza bei hajaisoma historia yake au hataki uisome.

Kuhusu kununua, ushauri wangu ni kuanza na noti za forodha za mwaka 1947 na 1948. Zilichapwa kwa wingi sana, nyingi zimesalia, na bei yake ni ya chini kiasi kwamba kosa halikuumizi. Ukubwa wa tarakimu usikudanganye, kwa kuwa bei ya mkusanyaji hufuata uhaba na hali ya karatasi. Kaa mbali kwanza na renminbi ya awamu ya kwanza, iliyoanza kutolewa tarehe 1 Desemba 1948 na kuondolewa mwaka 1955, kwani uhaba wake umewavutia waghushi wengi. Mimi nililipa fedha za matumizi ya mwezi mzima kwa noti ya yuan 10,000 ya mwaka 1951 yenye kundi la farasi, kwa mtu aliyeniapia kwamba ilitoka katika sanduku la babu yake. Niliporudi na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia, niliona vinukta vya rangi vilivyopangwa kama vya picha ya gazeti, alama ya uchapaji wa siku hizi. Iliniuma sana, na tangu hapo sinunui bila kioo mfukoni.

Taa ya miali ya urujuanimno nayo husaidia, kwa sababu karatasi ya kisasa hung'aa kwa weupe wa buluu, lakini karatasi ya mwaka 1947 haipaswi kung'aa hivyo. Na ukionyeshwa noti ya Benki ya Watu wa China inayodaiwa kuwa ya mwaka 1948 huku ina sura ya Mao Zedong, irudishe, kwani sura yake haikuwekwa kwenye renminbi hadi awamu ya nne, kwenye noti ya yuan 100 iliyotolewa mwaka 1988.

Ukishaipata noti yako, usiifue, usiipige pasi, na usiiandike chochote hata kwa penseli. Ihifadhi katika mfuko wa poliesta, si wa plastiki laini ya PVC, ambayo baada ya muda hutoa kemikali zinazoharibu karatasi. Kisha fungua daftari uandike siku uliyoinunua, mahali, bei na maneno ya muuzaji. Daftari langu linaanza na noti ya tatu. Kwa ile ya vizio 2,000 nakumbuka soko na baridi ya asubuhi ile, lakini tarehe nimeisahau, na mzee aliyeniuzia sikumuuliza hata aliipata wapi.