Kabla ya faini, tuulize taka zipelekwe wapi

Swali la wiki, lililouliza iwapo faini ziongezwe ili wananchi waache kutupa taka ovyo, limenigusa kwenye kidonda, kwa sababu nimezaliwa na kukulia Vingunguti, Dar es Salaam. Kwa kweli ningependa kwanza tujibu swali jingine: huyo anayetozwa faini alitakiwa azipeleke wapi taka zake?

Masika ya mwaka 2017 mama yangu, aliyekuwa akiuza chakula si mbali na machinjio, alitozwa faini ya shilingi 50,000. Gari la taka lilikuwa halijapita mtaani kwetu kwa wiki tatu. Alikuwa na viroba vinne vya maganda ya ndizi, majivu na matumbo ya samaki, ambavyo alivifunga kwa kamba, akavipanga nyuma ya banda na kuvifunika kwa turubai ili mvua isivifikie. Usiku mmoja kiroba kimoja kilipasuka na maji yakaukokota uchafu hadi mtaroni. Asubuhi walifika mgambo wawili pamoja na kijana mwenye kitabu cha stakabadhi. Mama aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa alimotunzia stakabadhi zake za ada ya taka, pamoja na ile ya mwezi ambao gari halikuonekana kabisa. Kijana alizisoma moja moja, kwa heshima, kisha akasema, “Mama, hizi ni za ada. Mimi nimetumwa faini.” Mama akamuuliza, “Sasa mwanangu, ningezipeleka wapi?” Kijana akainamisha kichwa, akaanza kuandika.

Fedha zile zilitoka kwenye mtaji wa mchele, na kwa siku mbili mama hakupika. Lakini kinachoniumiza hadi leo ni kilichotokea jioni ile. Viroba vitatu vilivyobaki alimkabidhi mwenye mkokoteni kwa shilingi 3,000, na sote tulijua kwamba mkokoteni ule unaelekea Mto Msimbazi. Mama yangu, ambaye hajapata kutupa hata ganda la embe barabarani, alichafua mto siku ile ile aliyotozwa faini ya uchafu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Hata hivyo, wakubwa kwa wadogo hawabanwi kwa uzito mmoja, na wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanalijua hilo. Wananchi wa Tabata walilishtaki Jiji mwaka 1988 kwa sababu ya dampo lililowekwa katikati ya makazi yao, nao wakashinda. Na Jiji lilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka pale, Jaji Lugakingira alikataa. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, ambako mkazi aitwaye Balegele na wenzake 794 walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Baada ya hapo zikaletwa kwetu Vingunguti. Naziheshimu sana hukumu zile, lakini aliyeshinda aliondolewa moshi na harufu, na ambaye hakushtaki akaletewa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba faini hazina faida yoyote. Nikikumbuka tarehe 1 Juni 2019, siwezi kulisema hilo kwa moyo mweupe. Katazo la mifuko ya plastiki lilikuja na faini ya kuanzia shilingi 30,000 kwa mtumiaji, na adhabu nzito zaidi kwa mzalishaji, na ndani ya muda mfupi mifuko ya rambo ikatoweka sokoni. Ni kweli kwamba baadaye vifungashio vyembamba vilianza kutumika badala yake, lakini mtaro wetu haukuziba kama zamani. Katazo lile lilifanikiwa, naamini, kwa kuwa lilimfuata pia mwenye kiwanda, na kwa kuwa mnunuzi alikuwa na kikapu cha kukimbilia.

Kwa hiyo nikitakiwa kuchagua, nasema ndiyo, faini ziongezwe, ingawa najua mama hatalipenda jibu hili. Ila faini ya kwanza atozwe mzabuni ambaye gari lake halikupita, na mwenye kaya aliyelipa ada asiguswe iwapo wiki nzima imepita bila gari kufika. Uthibitisho wake hauhitaji mtambo wowote, bali daftari moja katika ofisi ya serikali ya mtaa la kuandika siku na saa gari lilipofika. Mama bado ana lile kopo la stakabadhi, na amesema yuko tayari kulitunza daftari hilo.